Kuhara Baada ya Mionzi Si Bei ya Kupona Saratani

Mionzi inayoelekezwa nyongani kuua saratani haiwezi kuyakwepa matumbo. Utumbo mwembamba umelalia mji wa mimba na kibofu, puru imebanana na mlango wa kizazi kwa mwanamke na tezi dume kwa mwanamume, na miale inayoufuata uvimbe hupitia humo humo. Mgonjwa akirudi nyumbani hurudi na matumbo yaliyoguswa, na juu ya hilo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye kauli inayofuata, ambayo imezoeleka vijijini na hata wodini: kwamba mionzi huchoma matumbo, kwamba tumbo likishaungua haliponi, na kwamba aliyenusurika saratani avumilie kuhara mpaka mwisho wa maisha yake kwa kuwa hiyo ndiyo bei ya kupona. Kauli hiyo ni potofu kila kipande. Matumbo hayaungui, sehemu yake kubwa hupona, na dalili nyingi zinazobaki zina sababu zinazojulikana na zenye tiba.

Upotofu huu huumiza zaidi mahali kama Leparua. Leparua iko wadi ya Burat, kaunti ya Isiolo, ikipakana na hifadhi ya Lewa, na wakazi wake ni Waturkana, Wasamburu, Wamaasai, Waborana na Wasomali ambao kwa sehemu kubwa wanaishi kwa mifugo. Isiolo haina mashine ya mionzi. Mgonjwa wa huko husafiri karibu kilomita 280 kutoka mji wa Isiolo hadi Nairobi, au huelekezwa Garissa au Nakuru, na akimaliza tiba hurudi kwenye boma ambako mtu wa afya aliye karibu ni nesi wa zahanati. Nesi huyo akiwa ameambiwa kwamba tumbo la mionzi halina dawa, safari ya mgonjwa imekwama hapo. Wanaohusika si wachache. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo hutibiwa kwa mionzi inapogunduliwa ikiwa imeenea, ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wa Kenya kati ya saratani zote: kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 5,200 waligunduliwa kuwa nayo na zaidi ya 3,200 walifariki.

Kwanza lile neno kuchoma. Mgonjwa aliyelala chini ya mashine hasikii joto, na ndani yake hakuna kinachounguzwa. Miale hukata DNA iliyo ndani ya seli, na seli iliyokatwa hivyo mara nyingi huendelea kuishi mpaka inapojaribu kugawanyika, ndipo inakufa. Kwa sababu hiyo, tishu inayogawanyika haraka huumia mapema na ile inayogawanyika polepole huumia baadaye. Utando wa ndani wa utumbo mwembamba ni katika tishu zinazojifanya upya haraka kuliko zote mwilini: seli zake huzaliwa, hupanda, hufanya kazi na kumwagika ndani ya siku 3 hadi 5. Huzaliwa ndani ya vishimo vidogo vilivyoelezwa mwaka 1745 na daktari Mjerumani Johann Nathanael Lieberkühn, kisha hupanda kwenye vinyweleo vinavyofyonza chakula. Chini ya kila kishimo kuna seli shina chache zinazozaa nyingine zote, na utafiti wa Hans Clevers na Nick Barker nchini Uholanzi mwaka 2007 ndio uliozitambua kwa alama yake iitwayo Lgr5.

Kutokana na mpangilio huo, ratiba ya madhara hutabirika. Tiba ya kawaida ya nyonga ni kiasi cha mionzi cha grei 45 hadi 50 hivi, zikigawanywa vipindi 25 hadi 28, siku 5 kwa wiki. Mgawo huo una sababu: kati ya kipindi na kipindi seli zenye afya hupata nafasi ya kuunga DNA yao vizuri zaidi kuliko seli za saratani. Hata hivyo vishimo huzidiwa. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu vinyweleo hufupika kwa kukosa seli za kuziba nafasi za zile zilizomwagika, na mgonjwa huanza kuhara, kusokotwa na tumbo na kukimbilia choo. Hali hufikia kilele wiki ya nne au ya tano. Tiba ikikoma, seli shina zilizosalia hugawanyika kwa kasi, na hata seli ambazo zilikwisha kukomaa huweza kurudi nyuma na kufanya kazi ya seli shina. Kwa wagonjwa walio wengi, utando umejengeka tena ndani ya wiki 2 hadi 6. Kiungo kinachoweza kujijenga hivyo hakistahili kuitwa kiungo kilichoungua.

Kuna upande wa pili wa kauli hiyo hiyo, wenye sura ya faraja: kwamba tumbo litatulia lenyewe, mgonjwa asubiri tu. Huo nao ni nusu ya ukweli. Utando hupona haraka, lakini ukuta wa utumbo ulio chini yake una mishipa midogo ya damu, na seli za mishipa hiyo hugawanyika polepole. Madhara yake hujitokeza miezi au miaka baadaye. Mishipa husinyaa na kuziba, damu hupungua, kovu hujengeka na ukuta hukakamaa, huku juu ya puru kukichipuka mishipa dhaifu inayopasuka kwa urahisi. Dalili zinaweza kuanza mwaka mmoja na nusu baada ya tiba, miaka 6 baadaye, au hata baada ya miaka 20. Ni kama malisho: yakiliwa mpaka chini hurudi mvua ikinyesha, lakini udongo wake ukisombwa ni habari nyingine. Kwa hiyo mgonjwa aliyetulia mwaka wa kwanza hajamaliza hesabu, na anayehara mwaka wa tatu huenda hajapata ugonjwa mpya usio na uhusiano na tiba yake.

Watetezi wa kauli ya bei ya kupona hushika hapo hapo. Kovu halifutiki, husema, basi dalili nazo hazifutiki. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mjadala huu, maana linachanganya jeraha na dalili. Kovu lenyewe halimharishi mtu. Kinachomharisha ni kazi fulani ya utumbo iliyovurugika kwa sababu ya kovu au kwa sababu ya utando uliodhoofika, na kazi hizo zinahesabika: kumeng'enya sukari ya maziwa, kurudisha nyongo mwilini, kuzuia bakteria wasizidi, kufyonza vitamini. Kila moja ina njia yake ya kutibiwa, na hakuna inayohitaji kovu liondoke kwanza.

Maziwa yatazamwe kwa karibu, maana huko Leparua hayo ndiyo chakula. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho laktesi ambacho hukaa juu ya vinyweleo vya utumbo mwembamba. Watu wazima wengi duniani hupoteza kimeng'enya hicho baada ya utoto. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki hawakipotezi, na mwaka 2007 timu ya mwanajenetiki Sarah Tishkoff ilionyesha kwamba wafugaji wa Kenya na Tanzania wana mabadiliko yao wenyewe ya jeni yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti kabisa na yale ya Ulaya. Kwa sababu hiyo mfugaji wa Leparua aliyekunywa maziwa tangu utotoni bila shida hana sababu ya kuyashuku. Lakini jeni inahitaji mahali pa kufanyia kazi. Vinyweleo vikifupika, seli zinazobeba laktesi zimekwenda navyo, na laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, huvuta maji, huchachushwa na bakteria, na tumbo hujaa gesi na kuhara. Mama aliyetoka Nairobi wiki iliyopita anapewa chai ya maziwa asubuhi, kikombe kingine mchana, na maziwa mabichi jioni ili apate nguvu. Wanaompa wanampenda, na kila kikombe kinamrudisha chooni. Kisha inasemwa kwamba mionzi imemuua tumbo.

Jaribio la kubaini hali hiyo halihitaji maabara. Maziwa yasiyogandishwa yaondolewe kwa wiki mbili, pamoja na yale ya kwenye chai, na mgonjwa aangaliwe. Kuhara kukipungua, chanzo kimejulikana. Maziwa ya ngamia, ambayo Isiolo inasifika kwa biashara yake, hayakwepi kanuni hii kwa kuwa nayo yana laktosi. Maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu huvumilika zaidi, kwa kuwa bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi na huendelea kusaidia kuivunja tumboni. Wala si sawa kumpiga mtu marufuku maziwa maisha yake yote katika nyumba ambayo maziwa ndiyo protini na ndiyo kalsiamu yake. Utando ukijengeka laktesi hurudi kwa wengi, na maziwa yarudishwe kidogo kidogo.

Nyongo ni jambo la pili. Ini humwaga nyongo ili kumeng'enya mafuta, na mwisho wa utumbo mwembamba hufyonza karibu yote na kuirudisha kwenye ini. Kipande hicho cha mwisho kiko karibu na nyonga, kwa hiyo hupata mionzi. Kikidhoofika, nyongo hupita hadi utumbo mpana na kuutia hasira, na matokeo yake ni kuhara maji, mara nyingi baada ya mlo wa mafuta, kwa haraka isiyompa mtu muda wa kufika chooni. Kinyesi chenyewe kinaweza kuwa cheupe, cha mafuta, kinachoelea. Kupunguza mafuta ya nyama na samli husaidia, na kuna dawa ya unga inayoifunga nyongo tumboni, kolestiramini, ambayo huweza kumtuliza ndani ya siku chache mtu aliyehangaika kwa miaka.

Tatu ni bakteria. Utumbo uliokakamaa husukuma chakula polepole, na bakteria ambao kwa kawaida hubaki utumbo mpana hupanda na kuzaliana kwenye utumbo mwembamba. Mtu hujaa gesi, huhara na hukonda. Hutibiwa kwa kozi ya antibiotiki, na huweza kurudi.

Hapa ndipo zahanati hupotoshwa kwa namna ya pekee. Anayehara katika kaunti kavu yenye shida ya maji safi hudhaniwa kwanza kuwa na ameba au homa ya matumbo, na dhana hiyo haina ubaya kama hatua ya kwanza. Ubaya ni kuirudia mara ya tano. Kipimo cha Widal huwaonyesha wengi kuwa na homa ya matumbo ilhali hawana. Flagyl, dawa inayotolewa kwa ameba, huua pia bakteria waliozidi kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo mgonjwa wa mionzi hupata nafuu kwa wiki kadhaa na nafuu hiyo huonekana kama uthibitisho kwamba ilikuwa ameba. Tumbo likirudi kuvurugika husemwa ameba imerudi, na maji ya kisima hulaumiwa. Swali moja lingekata mzunguko huo: je, mgonjwa huyu aliwahi kupigwa mionzi nyongani, hata miaka 10 iliyopita?

Vitamini B12 ni ya taratibu na kwa hiyo ni ya hatari. Hufyonzwa mahali pale pale pa nyongo, mwisho wa utumbo mwembamba. Ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, hivyo upungufu hujitokeza wakati hakuna anayekumbuka tiba: uchovu, upungufu wa damu, ganzi ya miguu, kuyumba wakati wa kutembea. Mtu anayekula nyama na maziwa kila siku hawezi kushukiwa kukosa B12, ilhali inapita tumboni bila kufyonzwa. Sindano huziba pengo hilo kwa gharama ndogo. Ikichelewa, uharibifu wa mishipa ya fahamu unaweza kubaki.

Kwamba dalili hizi hutibika si matumaini tu. Jervoise Andreyev, daktari wa matumbo aliyefanya kazi hospitali ya Royal Marsden ya London, alikuwa miongoni mwa waliosisitiza mwaka 2010 kwamba madhara haya yapewe jina la ugonjwa kamili, ugonjwa wa mionzi ya nyonga, badala ya kuitwa athari tu. Mwaka 2013 timu yake ilichapisha matokeo ya jaribio la ORBIT katika jarida la Lancet. Wagonjwa 218 waliokuwa na matatizo ya matumbo tangu kutibiwa nyonga kwa mionzi waligawanywa kwa kura makundi matatu. Kundi moja lilipewa kijitabu na huduma ya kawaida, la pili likahudumiwa na daktari bingwa wa matumbo aliyefuata mwongozo wa hatua kwa hatua, la tatu na nesi aliyefuata mwongozo huo huo. Baada ya miezi 6 makundi mawili ya mwongozo yalikuwa na nafuu kubwa kuliko lile la kijitabu, na wa nesi hawakuwa nyuma ya wa daktari bingwa. Itasemwa kwamba nesi wa Uingereza ana vipimo ambavyo nesi wa Isiolo hana. Ni kweli, na mwongozo wa Isiolo utalazimika kutumia jaribio la tiba mahali ambapo Uingereza ilitumia kipimo. Ila kilicholeta nafuu katika ORBIT ni mtu aliyeuliza maswali kwa mpangilio na kutibu kila sababu aliyoikuta. Kazi hiyo inafundishika.

Wala haihitaji mitambo ya bei kubwa. Chumba cha oksijeni ya shinikizo kilitajwa kwa miaka mingi kama tumaini la wagonjwa hawa, lakini jaribio la HOT2 lililochapishwa mwaka 2016 halikukuta faida yake kwa dalili za matumbo za muda mrefu. Hospitali isiyo na chumba hicho haijawanyima wagonjwa wake jambo la maana.

Kinga nayo ipo, na inaikanusha zaidi kauli ya bei isiyoepukika. Katika jaribio la PARCER lililofanywa Tata Memorial, India, na kuchapishwa mwaka 2021, wanawake 300 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi walipewa ama mionzi ya kawaida ama ile inayochongwa kwa kompyuta ifuate umbo la eneo lenye ugonjwa na kuongozwa na picha. Baada ya miaka 3, madhara ya matumbo ya kiwango cha kati au zaidi yaliwapata asilimia 42.4 ya kundi la kwanza na asilimia 21.1 ya kundi la pili. Tofauti ya nusu nzima haiwezi kutoka kwenye jambo lililoandikwa mbinguni. Panapokosekana mashine hiyo bado kuna kibofu: mgonjwa akinywa maji na kuingia kwenye mashine kibofu kikiwa kimejaa, utumbo mwembamba husukumwa juu, nje ya njia ya miale. Aliyefika kliniki kwa matatu, akikwepa maji kwa kuogopa kukosa choo njiani, aelezwe sababu, maana bila sababu agizo hilo huonekana usumbufu.

Marufuku ya mboga nayo ichunguzwe. Wagonjwa wengi huambiwa waache sukuma wiki, maharage na matunda muda wote wa tiba. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017 likiwa na wagonjwa 166 lilikuta kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi wakati wa tiba walipata madhara machache kuliko walioendelea na mlo wao wa kawaida, na halikutoa sababu ya kuwanyima watu nyuzinyuzi. Anayepaswa kujihadhari ni yule ambaye utumbo wake umekwisha kubana kwa kovu.

Limebaki pingamizi moja, nalo ndilo lenye nguvu: nchi ambayo wagonjwa wake hupanga foleni ya mashine haina anasa ya kushughulikia kuhara. Hesabu yenyewe inalikanusha. Tiba ya saratani ya mlango wa kizazi, mionzi ya nje na ya ndani pamoja, inatakiwa imalizike ndani ya siku 56 hivi, na kila siku inayozidi hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa. Anayehara wiki ya nne, amepanga chumba Nairobi mbali na watu wake, amekaukiwa maji na hana loperamaidi wala maji ya chumvi na sukari, huruka vipindi. Kutomtibu tumbo ni kuitibu vibaya saratani yenyewe. Na huko nyumbani, kila mama anayerudi akiwa haponi kuhara ni ushahidi hai kwa jirani yake mwenye kutokwa damu kwamba heri asiende. Hospitali ikitaka wagonjwa waje mapema haina budi kujali wanavyorudi.

Haya hayana maana kwamba kila kitu ni chepesi. Damu kwenye kinyesi miezi au miaka baada ya mionzi mara nyingi hutokana na mishipa dhaifu ya puru. Ikiwa kidogo, bila upungufu wa damu, inaweza kuachwa ikomee yenyewe. Ikizidi, dawa ya sukralfeti hupitishwa kwa njia ya haja kubwa, au hospitali kubwa huifunga mishipa hiyo kwa formalini au kwa joto la gesi ya agoni. Lakini hairuhusiwi kudhani tu, kwa sababu saratani ya utumbo au kurudi kwa ile ya kwanza hutoa damu vile vile, na mgonjwa lazima achunguzwe kwa kamera angalau mara moja. Anayechunguza ajue historia ya mionzi kabla ya kukata kinyama cha kupima, kwani kidonda kwenye ukuta wa mbele wa puru iliyopigwa mionzi hupona kwa shida na kinaweza kutoboka hadi ukeni au kwenye kibofu. Upasuaji wa utumbo uliopigwa mionzi una hatari hiyo hiyo, vipande vilivyoshonwa hukataa kushikana, kwa hiyo ni wa lazima tu.

Nesi wa zahanati amtoe mgonjwa haraka kwenda hospitali ya Isiolo akiona tumbo limevimba na kutapika bila kupata choo wala kutoa ushuzi, kinyesi au hewa ikipitia ukeni, damu nyingi, au kukonda kusikokoma. Kwa wengine wote barua ya kutoka hospitali ndiyo chombo cha kwanza cha tiba, na iandikwe kwa ajili ya msomaji wa Leparua: sehemu iliyopigwa mionzi, kiasi cha grei na idadi ya vipindi, tarehe ya mwisho, dawa za kemikali zilizotolewa pamoja nayo, na agizo la kupima damu na B12 kila mwaka, pamoja na namba ya simu ya kliniki.